Taa za Bwawa la Baba Mkwe

Chekeni tu, mimi kukasirika nilishachoka. Kila nikishuka Omurushaka kununua misumari lazima atokee mtu wa kuniuliza kama nataka na kamba ya mgomba, na duka zima linaangua kicheko, hata wale waliohamia juzi juzi ambao siku yenyewe hawakuwepo, kwa hiyo nimeona bora nisimulie mwenyewe, maana wengine wanatia chumvi mno (hakuna mamba aliyetoka bwawani, naomba hilo lieleweke mapema).

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimerudi kutoka Bukoba, nilikokaa kidogo kwa fundi mmoja wa redio, na nilipofika kwetu Ihembe nikajiita fundi umeme. Umeme wenyewe haukuwepo, na hiyo ndiyo raha ya kuwa fundi umeme mahali pasipo na umeme, hakuna kazi ya kukuumbua. Natembea na bisibisi mfuko wa shati, watoto wananiamkia shikamoo, nami naitikia kwa sauti nzito, basi, nimetosheka.

Sasa nikampenda Adelina wa Kanoni. Baba yake, Mzee Kamugisha, alikuwa mkulima wa kahawa, lakini kabla ya hapo aliendesha gari la wamisheni kwa muda mrefu, na aliporudi shambani alirudi na mambo. Nyuma ya nyumba, kati ya ua na migomba, alijenga bwawa la saruji, akafuga perege, na akaweka pampu ya kuvuta maji kutoka kisimani, inayokwenda kwa jenereta. Maajabu ni kwamba pampu ile ilikuwa inajiendesha yenyewe. Ndani ya bwawa lilielea boya: maji yakipungua boya linashuka, swichi inajiwasha, pampu inavuta, maji yakijaa boya linapanda, swichi inajizima. Wazee wengine wakipata mgeni wanampeleka kuona ng'ombe, Mzee Kamugisha alikuwa anampeleka kuona boya.

Siku ya posa ilipopangwa, mdomo ukaniponza. Nilimwambia Adelina, "Mwambie baba nitamfungia taa kuzunguka bwawa, bustani yote iwake." Nilidhani mzee atacheka, yaishe. Mzee hakucheka. Alisogeza posa kutoka mchana hadi jioni, ili watu wazione taa vizuri.

Basi siku ya posa nikatangulia kufika, asubuhi, na balbu zimefungwa kwenye khanga ya mama yangu zisivunjike, na waya wa kuazima. Nikasimamisha nguzo za mkaratusi, nikaning'iniza balbu, kazi inakwenda, Adelina anachungulia kutoka jikoni, nami najifanya sijamwona. Ilipofika kuunganisha, waya haukutosha kufika kwenye jenereta, ambayo ilikuwa upande wa pili wa nyumba. Nikatazama huku na huku, nikaona waya wa pampu upo palepale karibu, unatoka kwenye ile swichi ya boya. Nikajiuliza, umeme si umeme tu? Nikaunga taa zangu hapo, kwenye waya unaotoka swichi kwenda kwenye pampu. (Wenye ujuzi wameshaanza kucheka. Wasubirini wenzenu.)

Mzee akawasha jenereta. Akina mama walikuwa wamechota maji ya bwawa tangu alfajiri kuoshea masufuria, yalikuwa yamepungua sana, kwa hiyo pampu ikanguruma na taa zikawaka zote. Mzee akazunguka bwawa mikono nyuma, akatazama juu, akasema, "Kumbe kweli." Maneno hayo mawili yalinipanda kichwani kuliko pombe yoyote niliyowahi kunywa.

Nikaenda kwa jirani kuoga na kuvaa suti, ya kuazima nayo (siku hiyo kila kitu nilikuwa nimeazima isipokuwa ujinga). Narudi jua linazama, jenereta inaunguruma vizuri, taa zimezimika. Nikakaza balbu ya kwanza, nikakaza ya pili, nikapuliza puliza kwenye waya kama mtu anayechochea jiko. Ndipo nikatupa macho bwawani. Limejaa. Boya limepanda, swichi imejizima, pampu imelala, na taa zangu zimelala nayo. Yaani nilikuwa nimemfungia mkwe wangu taa zinazowaka pale tu maji yakipungua.

Mtu mwenye akili angemwendea mzee akasema ukweli. Lakini wakati huohuo nikasikia mbele ya nyumba sauti ya baba mkubwa Leonsi, mshenga wangu, anabisha hodi na ujumbe mzima kutoka Ihembe, wamebeba vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikachuna kamba kwenye mgomba, nikafungia jiwe kwenye boya, likashuka. Pampu ikaamka, taa zikawaka, wageni wakaingia uani wakishika midomo. Maji yatakayozidi, nikajiambia, yataingia shambani, na mgomba haujawahi kukataa maji.

Kitu ambacho sikuangalia ni ardhi inainamia wapi. Iliinamia uani, penye wageni, ambapo yalikuwa yametandazwa majani mabichi na mikeka juu yake.

Na sasa lazima niwaambie jambo moja, kwa yeyote ambaye hajaposa kwetu. Kijana anayeposa hasemi. Anakaa nyuma ya mshenga, kichwa chini, kama hana ulimi, na akiinuka bila kuitwa wazee wanasema hana adabu, mtoto wa watu hapewi. Kwa hiyo nikakaa. Kikapu cha akamwani kikazunguka, ile kahawa kavu ya kutafuna tunayokaribishia wageni, kila mtu akachukua punje, na baba mkubwa akasimama. Baba mkubwa akianza kusema huwa haishi leo.

"Sisi ni wakulima," alisema. "Tulikuwa tunapita njia, tukaona kwenu mche mzuri wa mgomba. Tumekuja kuuomba tukaupande Ihembe. Tutaupalilia. Tutauwekea samadi. Na maji, wazee wangu, maji hautayakosa."

Hapo ndipo nikahisi ubaridi kwenye makalio.

Nikatomasa majani, yameloa. Nikamvuta baba mkubwa koti, nikanong'ona, "Baba mkubwa, fupisha." Akanijibu bila kugeuka, "Tulia. Mkwe hana haraka." Akaanza upya, kutoka kwa babu zetu. Maji yakapanda mkekani. Wageni wakaanza kukunja miguu, mmoja mmoja, kwa heshima, kwa sababu upande wa mwanamke hawakutaka kusema kwao kuna maji, na upande wetu hawakutaka kuonekana wanadharau mahali walipokaribishwa, basi tukakaa wote tumenyamaza, majani yanaanza kuelea nasi juu yake, na mimi peke yangu ninayejua dawa siruhusiwi kufungua mdomo. Niliona aibu, na niliogopa, sitawadanganya. Nilimwona Adelina mlangoni ameshika kichwa.

Perege akapita. Alikuja akijirusharusha juu ya mkeka, akatulia mbele ya kiti cha Mzee Kamugisha. Mzee akamtazama samaki wake, akamuuliza baba mkubwa kwa upole, "Mkwe, maji haya ndiyo uliyokuwa unasema hatutayakosa?"

Nikashindwa. Niliinuka, nikatimua mbio mbele ya koo mbili, suti imeshikamana na mapaja, nikafika bwawani, nikapiga magoti ukingoni na kukata ile kamba kwa bisibisi na meno. Kamba ikakatika. Boya likaruka juu. Swichi ikafanya kazi yake kama ilivyotengenezwa, pampu ikazima, na taa zote zikazima papo hapo, giza. Nikageuka kuwaambia watu wasiogope, mguu ukateleza, nikaingia bwawani mzimamzima.

Bwawa halikuwa na kina, lakini mtu aliyevaa suti ya watu na mwenye samaki kolani hapimi kina. Nikapiga kelele. Mkono ukanishika, mkono wenye nguvu za kulima, ukanivuta hadi ukingoni, nami nikamkumbatia mwenye mkono, nikirudia rudia, "Asante baba mkubwa, asante baba mkubwa." Baba mkubwa akaitikia kutoka mbali, kule uani. Halafu mtu akaja na karabai, na nikaona nimemkumbatia mama yake Adelina.

Kwetu, mkwe na mama mkwe hawagusani. Hata mkono hawapeani. Mama wa watu akarudi nyuma akajifunika uso kwa khanga, na kule uani nikawasikia perege wakihangaika kwenye majani. Nikajua Adelina nimemkosa. Nilitamani kurudi majini nikae humo.

Wazee wakateta pembeni. Kisha Mzee Kamugisha akasimama, miguu ndani ya maji, akasema hivi: "Kijana huyu akiwa mkwe wangu, mke wangu amevunja mwiko. Asipokuwa mkwe, basi mke wangu amemwokoa mpita njia aliyeanguka majini, na hilo ni jambo jema. Kwa hiyo posa hii nimeikataa." Moyo ulinishuka hadi kwenye viatu, navyo vimejaa maji. Mzee akaongeza, "Mje tena kahawa ikishavunwa. Mje mchana."

Kwa hiyo mimi ni mtu aliyekataliwa hadharani, na habari ilifika Omurushaka kabla yangu. Tulirudi kahawa ilipovunwa, mchana kweupe, bisibisi nimeiacha nyumbani, na Adelina nikapewa. Siku hizi umeme umefika hadi kwangu, na wala sioni aibu kusema kwamba swichi zote anabonyeza mke wangu. Nimeapa kutounga waya wowote tena, na nikiona waya haufiki, nasema haufiki.

Mama mkwe hatujagusana tangu hapo. Nikienda Kanoni namwamkia kwa mbali, ananiwekea kikapu cha akamwani chini, anarudi nyuma, ndipo nakiokota. Lakini giza likianza kuingia humgeukia binti yake, mimi nikisikia, akamuuliza kama yule mpita njia aliyeanguka majini siku ile alifika kwao salama.

Na Adelina humjibu kwamba alifika, ila bado hajakauka.