Karatasi ya Mlaaniwa

Watu wa Sangabadi walimhitaji Keramat kwa ajili ya milango yao, lakini hawakumtaka ndani ya milango hiyo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa miraba minne, mzaliwa wa Painrudi, kijiji kilichoko upande wa chini wa mto. Na katika mji ule mtu wa Painrudi alikuwa mwizi wa maji tangu tumboni mwa mama yake. Hakuna aliyekumbuka ni babu wa nani aliyefungua mfereji wa nani. Chuki ya maji haihitaji kumbukumbu, hurithiwa kama pua. Akimaliza kufunga geti, mwenye nyumba humtolea chai nje, katika gilasi iliyowekwa kando kwa ajili ya watu wa aina yake, naye huinywa amesimama, kipande cha sukari kati ya meno, halafu hubeba mashine yake na kuondoka.

Alikuwa ameoa binti wa pale pale, Maliha, mfumaji mazulia. Kaka zake Maliha hawakuja harusini. Miaka saba baadaye walikuwa bado hawajaja.

Kila mwezi wa Muharamu, katika uwanja mkubwa wenye jukwaa la mawe katikati, Sangabadi huigiza mauaji ya Karbala. Upande wa Imamu huvaa kijani na huimba. Upande wa wauaji, waliowanyima Imamu na watoto wake maji ya mto Furati, huvaa nyekundu, na hao hawaimbi kamwe, hunguruma. Miongoni mwao yuko mmoja mwenye kisu, yule aliyemchinja Imamu huyo, mjukuu wa Mtume, aliyekuwa na kiu, ambaye watu wa mji hawamtaji kwa jina. Humwita Mlaaniwa, kisha hutema mate.

Mzee aliyekuwa akimwigiza Mlaaniwa aliishiwa sauti kwa sigara. Wiki chache kabla ya Muharamu, Ustadh Heshmat, mkuu wa waigizaji, alisimama mlangoni pa karakana ya Keramat, fimbo mkononi.

“Wewe, Painrudi. Unajua kuimba?”

“Sijui, ustadh.”

“Afadhali. Na kulia je?”

Keramat alicheka. Heshmat hakucheka.

“Watu wamekaa kikao. Wamesema, nani mwingine atakayefaa kuwanyima watoto maji, kama si mtu wa Painrudi? Mimi sikusema hivyo. Mimi nikiwa msikitini nimekusikia ukimkaripia punda wako, nikasema, sauti ile imekaa bure.”

Keramat alizima mashine. Alijua ametukanwa, na alijua kitu kingine pia. Jioni ya Ashura, siku ya mchezo wenyewe, kila aliyepanda jukwaa hula nyumbani kwa Heshmat, kwenye jamvi moja, bega kwa bega. Katika mji mzima lilikuwa ndilo jamvi pekee ambalo lingeweza kumpokea.

“Nikicheza, nitakaa jamvini?”

“Anayesimama jukwaani hukaa jamvini. Lakini ukiniharibia, nakushusha mbele ya watu wote, mwakani nakodi mtu kutoka mji mwingine, na wewe hutaliona jamvi langu mpaka ufe. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

Mazoezini alikuwa kichekesho. Alisimama kama nguzo, mikono haijui iende wapi, akisoma vitisho vya Mlaaniwa kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya bawaba. Aliyeigiza Imamu alikuwa Nosrat, mwoka mikate, mwenye sauti iliyowaliza watu hata alipouza mkate wa jana. Alisikiliza mistari miwili, akageuka kwa wenzake.

“Jamani, huyu ananichinja au ananipima dirisha?”

Wakacheka mpaka wapiga ngoma wakashindwa kushika mapigo.

“Na mnisikie vizuri,” Nosrat akaongeza, sasa bila kucheka. “Nitakufa mikononi mwake jukwaani kwa sababu Ustadh ameamua. Lakini kula naye, sili. Ashura ikiisha, mimi na mwizi wa maji hatutachovya bakuli moja.”

Heshmat alimgonga Keramat muundini kwa fimbo. “Kelele zao zisikuhusu. Mguu mbele! Ukizunguka jukwaa mara moja, umesafiri kutoka mji wa Kufa mpaka Karbala, kwa hiyo tembea kama mtu aliyesafiri. Na karatasi juu! Mkono wa kushoto, usawa wa kifua, waione hata wanawake walioko nyuma kabisa.”

“Nikishaihifadhi mistari, ustadh, karatasi ya nini?”

“Shika karatasi.”

Wote walishika, hata Nosrat aliyekuwa na mistari yake kichwani tangu utotoni. Kila mmoja alikuwa na kikaratasi chake kirefu chenye maneno ya mtu wake. Keramat aliona ni mazoea ya wazee tu, kama vile kugonga meza ukitaja kifo.

Siku hizo alikuja likizo Kiumarsi, mpwa wake Maliha, kijana aliyesomea uigizaji Tehrani. Ndiye pekee wa ukoo ule aliyeingia nyumbani mwao na kuvua viatu. Alimsikiliza Keramat akisoma, akaziba uso kwa mikono.

“Mjomba, unapigia kelele ukuta! Sauti itoke huku, tumboni. Na usiseme neno mpaka ujue unalitakia nini. Huyu mtu anataka nini?”

“Kuua.”

“Hapana. Kuua ni kazi yake. Anataka nini?”

Keramat aliisoma karatasi tena toka juu. “Anataka wamwogope,” alisema mwishoni, “kwa sababu hawatampenda.”

“Basi anza hapo,” kijana akasema.

Keramat alianza. Alihifadhi mistari huku akisaga chuma, akipaza sauti juu ya mashine mpaka ikajifunza kupita katikati ya mlio bila kuvunjika. Aliacha kurusha mikono ovyo. Aligundua kwamba mkono uliotulia unatisha zaidi. Alijizoeza kumtazama mtu machoni na kumsikiliza kabla ya kumjibu, jambo ambalo Sangabadi hawakuwahi kumfanyia yeye. Alijitengenezea kisu cha bati, butu kama mwiko, ili mkono uzoee uzito wake. Na Kiumarsi, kabla hajapanda basi kurudi chuoni, alimwachia la mwisho.

“Tupa ile karatasi. Karatasi ni ukuta kati yako na mwenzako. Halafu mtafute mtu unayemchukia kwelikweli, mweke mbele yako, uone.”

Hakuhitaji kutafuta mbali. Alinunua mkate kwa Nosrat kila asubuhi, akitupiwa chenji mezani wakati wengine walipewa mkononi.

Siku ya Ashura uwanja ulijaa mpaka juu ya mapaa. Wanaume upande mmoja, wanawake waliovaa mabuibui meusi upande wa pili, na makapi ya ngano tayari katika vikapu ili watu wajimwagie kichwani kama udongo wa msiba. Kwenye ukingo wa jukwaa liliwekwa beseni la maji. Huo ulikuwa mto Furati. Tarumbeta ililia. Ustadh Heshmat alisimama pale pale juu, mbele ya macho ya wote kama ilivyo kawaida, akimwonyesha huyu aingie na yule atoke.

Keramat alipanda akiwa na vazi jekundu na kofia ya chuma. Karatasi alikuwa ameikunja na kuisukumiza ndani ya buti.

Watu hawakuliona hilo mara moja. Walichoona ni mtu aliyetembea polepole kuzunguka jukwaa, akasimama kando ya beseni, akachota maji kwa kiganja, akayaangalia, akayamwaga chini bila haraka. Heshmat hakuwa amemfundisha hivyo. Uwanja ukanyamaza. Kisha akasema mstari wake wa kwanza, wala hakunguruma. Aliusema chini chini, na ukafika kwenye mapaa.

“Mshenzi!” mwanamke mmoja alipiga kelele. “Mwizi wa maji!”

“Laana juu yako na waliokuzaa!”

Laana zilikuwa desturi. Kila mwaka Mlaaniwa alitukanwa. Ila za mwaka huu zilikuwa na sauti nyingine, na Keramat aliisikia, na shetani fulani ndani yake akafurahi. Sasa mnanitazama, aliwaza. Sasa nyote mnanitazama.

Nosrat aliimba kuaga kwake, sanda nyeupe juu ya vazi la kijani, machozi yakimtoka kama kawaida. Alipiga magoti. Keramat alimwendea kwa nyuma, akamshika ndevu, akainua kidevu chake juu. Aliona koromeo la mwoka mikate, na unga uliosalia kwenye mikunjo ya shingo, ambao maji ya kutawadha hayakuufikia. Aliona mkono unaotupa chenji. Maneno yalitoka yenyewe, hakuyatafuta, yalikuwa yake. Alibonyeza kile kisu cha bati.

Nosrat aliacha kulia. Alipaswa kusema mstari mmoja zaidi, hakuusema. Macho yake yaligeuka juu kumtafuta Keramat, na ndani yake hakukuwa na Imamu. Alikuwapo mwoka mikate tu, akiogopa.

“Keramat,” alinong'ona. “Keramat, bwana, unaniumiza.”

Ukingo wa bati, ingawa butu, ulichora mstari mwembamba mwekundu kwenye koromeo.

Kitu cha kwanza kurushwa kilikuwa bonge la udongo. Kisha viatu, kisha mawe. Jiwe moja lilimpasua Keramat juu ya nyusi, kofia ikaanguka na kubingiria mpaka ndani ya Furati. Upande wa wanawake walikuwa wamesimama wote, wakimsukuma mlinzi aliyewazuia; upande wa wanaume vijana wawili walikuwa tayari wameshapanda ngazi za jukwaa. Keramat hakumwachia Nosrat. Hakujua namna ya kumwachia. Mtu aliyemwita aje alikuwa amekuja, na hakuwa na njia ya kumrudisha alikotoka.

Heshmat alitembea kutoka ukingoni. Hakukimbia. Aliinama, akachomoa karatasi kutoka kwenye buti, akaikunjua juu ya goti, akaisukumiza katika mkono wa kushoto wa Keramat, akauinua mkono ule mpaka usawa wa kifua.

“Soma.”

“Naijua, ustadh,” Keramat alisema. Sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake.

“Hakuna aliyekuuliza kama unajua. Waambie kwamba maneno haya si yako. Soma, mjinga wee, au watakuua na watakuwa na haki.”

Vijana wa ngazini walisimama. Damu ilikuwa imemwingia jichoni. Aliiona karatasi nyekundu, kisha nyeupe, kisha nyekundu tena. Alitafuta mstari kwa kidole gumba cha mkono ule ule, kama mtoto wa madrasa. Akausoma. Yalikuwa maneno yale yale, lakini safari hii aliyasikia, yakitoka kwenye karatasi ya mtu mwingine, yameandikwa na mwandiko wa mtu aliyekufa zamani: nitamchinja, hata kama najua babu yake ni nani. Mkono wake wa kulia ulilegea. Akasoma tena, kwa sababu hakukumbuka kinachofuata, na katikati ya neno akaanza kulia. Hakulia kwa uchaji. Alilia kwa kuona jinsi alivyokuwa karibu kuua.

Watu waliona karatasi. Waliona machozi. Mkono mmoja ulishuka na jiwe lake, na mwingine. Mtu alijipiga kifua, kisha wote wakajipiga, na makapi ya ngano yakaanza kumiminika juu ya vichwa. Heshmat aliinua fimbo, ngoma zikarudi. Nosrat alikufa inavyopaswa.

Nyumbani Maliha alimwosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu, bila upole mwingi.

“Kiatu kimoja nilikirusha mimi,” alisema.

“Najua. Nilikinunua mimi.”

“Wallahi sikukuona wewe pale juu, Keramat. Nilimwona yeye.” Alikamua kitambaa. “Usinifanyie hivyo tena.”

Alimwambia asiende kwenye jamvi la Heshmat, angeaibishwa mlangoni. Keramat alifunga kichwa kwa shuka iliyochanwa, akaenda. Njiani mtu alitema mate mbele yake, na hakuweza kujua kama alitemewa Mlaaniwa au Painrudi.

Chumba kilikuwa kimejaa. Jamvi limetandikwa ukuta hadi ukuta, mkate juu yake, mabakuli ya mchuzi wa kondoo na njegere yakifuka. Nosrat, shingo imefungwa pamba, alimtazama, akaweka chini mkate wake.

“Nilisema sili na huyu. Nilisema kabla hajanitia kisu. Ustadh, mtoe.”

Heshmat hakuinua kichwa. “Alisimama jukwaani au hakusimama?”

“Alitaka kuniua!”

“Namuuliza mtu mwingine? Nakuuliza wewe uliyepiga magoti mbele yake. Alisimama?”

Nosrat aliinuka, akachukua viatu vyake, akatoka kwenda uani. Heshmat akamwambia aliyekuwa karibu na mlango, “Mpelekee bakuli lake nje, lisipoe.” Kisha akamnyooshea Keramat fimbo. “Kaa hapo palipobaki wazi. Mwakani karatasi mkononi tangu hatua ya kwanza. Ukiificha tena, nakuvunja mkono mwenyewe.”

Keramat alikaa mahali pa Nosrat. Mto wa kuegemea ulikuwa bado na joto la mgongo wa mtu mwingine. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyesogeza bega kumpisha, na chumvi ilipozungushwa ilimruka. Alinyoosha mkono mbele ya nyuso zao, akaichukua mwenyewe. Alikula mpaka akafuta bakuli kwa mkate.

Alimwigiza Mlaaniwa mpaka ndevu zikageuka kijivu, na watu waliotoka miji mingine kuja kumwona walisema hawajawahi kumchukia mtu vile. Chai ya nje aliendelea kuinywa amesimama. Nosrat naye alikula uani kila mwaka, hata mwaka ule Ashura ilipoangukia wakati wa theluji, bakuli mapajani, mvuke ukimpanda usoni. Keramat alimwona kupitia dirisha ambalo fremu yake aliichomelea yeye mwenyewe. Hakuna hata mmoja wao aliyemwita mwenzake.