Bomba la Katekista

"Baba yangu anabariki pamba," binti yangu akasema mbele ya kanisa zima. "Anajaza maji kwenye bomba la dawa, ananyunyizia magunia, halafu sisi tunaitikia amina."

Kigango chote cha Ngulyati kikapasuka kwa kicheko. Mama mmoja wa kwaya alicheka mpaka akashikiliwa. Katekista ndiye aliyewataka watoto wataje jinsi baba zao walivyo kama mapadre nyumbani. Akanitazama kama mtu asiyenijua. "Huyu ndiye tulitaka awe mlezi wa kina baba?" Jina langu likafutwa palepale.

Sasa nieleze ilivyoanza, na wenye makosa niwataje.

Wa kwanza ni karani wa mnunuzi. Zamani pamba tulipeleka ushirika, mtu anazamisha mkono guniani hadi kwapani, akikuta unyevu, unarudi nayo nyumbani. Wakaja wanunuzi binafsi, wanaigombania kama kunguru, hakuna wa kuzamisha hata kidole. Karani akainua gunia langu, akacheka: "Mzee, hii nyepesi kama dhambi ya mtoto mchanga. Wenzako wanainywesha maji."

Wa pili ni mimi. Shule niliishia darasa la nne, lakini kunywesha nilielewa.

Wa tatu ni katekista. Majuma yale alikuwa akitufundisha kwamba ubaba ni wito, Mungu anakuita kama anavyomwita padre, na nyumba yako ndiyo parokia yako. Mafundisho mazuri, nililia. Tulipotoka nikaazima bomba kwake, maana langu lilikuwa limepasuka. Hakuniuliza napiga dawa gani wakati pamba imekwisha vunwa. Aliniambia tu, "Mwaga kidogo kidogo, bwana. Ukiiminya kiganjani isitoe matone. Mimi juzi nilizidisha."

Nikiwa ghalani nanyunyizia magunia, binti akatokea mlangoni. "Baba, pamba si imeshavunwa? Unaimwagilia iote tena?"

Ningefanyaje? Padre wa nyumba hakosi jibu. "Naibariki, ng'wanone."

Mtoto wangu akafanya ishara ya msalaba, akakimbia kuwaita wadogo zake waje nao wabarikiwe.

Toka Jumapili ile ya kanisani, nikisali kabla ya ugali, yeye akawa anatazama kwanza mikono yangu imeshika nini. Amina hasemi. Leo ana watoto wake. Nikiwatembelea, sala ya chakula anaongoza mumewe, mimi napewa birika la kunawisha wageni. "Hapo kwenye maji, baba, wewe fundi," ananiambia. Wajukuu wanacheka. Nami nacheka, nifanye nini, huku moyo unaniuma.

Mimi langu nililiungama. Wewe katekista umezeeka, lakini u hai, na benchi la mbele bado lako. Jumapili ijayo nakuja na binti yangu. Simama palepale uliponifutia jina, umwambie lile bomba lilikuwa la nani, na kabla sijaliazima lilikuwa limetoka kubariki pamba ya nani.