Mume wa Tunu Anafua

Mkono wa Tunu ulipokuwa kwenye hogo, Badru alikuwa mume wa mfano. Tunu aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono, na kwa wiki sita mumewe alifua, akasuuza na kuanika nguo za nyumba nzima pale uani kwao Mbagala. Majirani walimsifu. Mwinshehe, seremala wa nyumba ya pili, alitangaza kwenye kijiwe cha kahawa kwamba wanaume wa namna ile wamebaki wachache.

Kisha hogo likatolewa, mkono ukapona, na Badru akaendelea kufua.

Hakuwa na sababu kubwa. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja Mikocheni, na akirudi asubuhi usingizi ulikuwa hauji mpaka saa tano. Saa hizo Tunu yuko barabarani na vitumbua vyake. Badru akagundua kwamba kuchovya mikono kwenye povu kunamtuliza. Tena alikuwa anafua vizuri kuliko mkewe, na wote wawili walilijua hilo.

Mtaa wetu haugombani na mtu. Ila Badru akifika kijiweni, maongezi yalikatika.

"Mpisheni akae," Mwinshehe alisema siku moja. "Kainama tangu asubuhi, mgongo utakuwa unamuuma."

"Unauma kidogo," Badru alijibu. "Asante kwa kunijali, braza."

Akanywa kahawa yake taratibu, akaaga kila mtu kwa jina. Kesho yake alihamisha kamba ya nguo kutoka uani, akaifunga barazani mkabala na kijiwe, akaanika magauni ya mkewe moja baada ya jingine, akiyanyoosha mikunjo kwa viganja.

Wanawake nao walikuwa na lao. Kwenye grupu la wasapu la akina mama wa mtaa, Najma, mke wa Mwinshehe, aliandika: "Jamani tuwaombee wanaume waliolishwa vitu." Jina hakutaja. Kila mtu alijua anasema limbwata, ile dawa inayomgeuza mume kuwa zoba. Vikamiminika viganja vya dua. Tunu akasoma, akafikiri kidogo, naye akaandika: "Amina."

Alhamisi ya wiki hiyo Herieth, muuza genge, alipita mlango wa nyuma kuazima chekecheke. Akapewa. Hakuondoka.

"Dada Tunu, mie sina ubaya. Hicho kitu unakipatiaga wapi?"

"Kitu gani?"

"Si hicho."

"Hakuna dawa, Herieth. Nilimwomba tu. Na wewe mwombe Stanley."

Herieth aliondoka akiwa amenuna, ana hakika kwamba Tunu ni mchoyo. Ijumaa wakaja wengine watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wakaambiwa hivyo hivyo na wakanuna hivyo hivyo. Jumamosi akaja Najma mwenyewe, kajitanda ushungi hadi puani.

"Yale ya kwenye grupu hayakukuhusu wewe, da' Tunu."

"Najua. Ndiyo maana nikaitikia amina."

Tunu alikuwa amechoka kusema kweli. Akaingia jikoni, akatwanga iliki na mdalasini, akafunga kwenye kitambaa.

"Weka kwenye chai yake. Ila ina miiko. Siku saba usiguse nguo yake iliyochafuka. Ukigusa, dawa imekufa."

"Akiuliza?"

"Mwambie mikono inakufa ganzi."

Jioni hiyo na wale wanne wakapelekewa kifurushi kama hicho. Mchoyo nani tena?

Siku ya tano kijiwe kilinuka jasho. Stanley alikimbilia kwa dobi. Mwingine alipeleka furushi kwa mama yake mzazi, akarudi nalo pamoja na hotuba. Wawili walifua wenyewe, chumbani, milango imefungwa. Mwinshehe alivumilia hadi siku ya saba. Saa tatu asubuhi akabisha hodi kwa Badru, kabeba beseni lililofunikwa gazeti.

"Kanzu hii ina doa la vanishi," alinong'ona. "Ila tufulie uani."

"Uani hakuna jua," Badru alisema, akamsogezea kigoda pale barazani. "Usisugue kwanza. Loweka."

Mwinshehe aliloweka, kichwa chini, mbele ya kijiwe kizima. Doa lilitoka. Nyumbani kwake tangu siku hiyo anafua nguo zake mwenyewe, na huwaambia watu ni kwa sababu ya mikono ya Najma.

Tunu, roho ikimsuta, alikwenda kumweleza Najma kwamba ile ilikuwa iliki na mdalasini tu. Najma alimkonyeza. "Nimekuelewa, da' Tunu. Siri yako ninayo." Mwezi haujaisha, mwanamke asiyemfahamu akampigia simu kutoka Bunju.

Juzi akina mama walikaa kupanga harusi ya binti wa mtaani. Tunu alikuja na chupa ya chai, akammiminia kila mmoja. Walimshukuru sana, wakamsifu kwa ukarimu wake, na hakuna aliyegusa kikombe. Wote walisema wamefunga. Hata Herieth, ambaye ni Mlutheri, alisema amefunga.

Tunu akawatakia swaumu njema.