Msumeno Uliovuta Kulia

Kibanda cha kunolea kilichoegemea jiko kilinuka dizeli na vumbi la chuma miaka nenda miaka rudi, na mjane wa fundi hakutaka harufu hiyo imtoke. Mumewe walimwita Fundi Upande. Jina alilipata kihalali! Alinoa cheni za misumeno ya mashine, na mkono wake ulikandamiza tupa zaidi kwenye meno ya kushoto. Hayo yakaisha haraka, ya kulia yakabaki marefu, na kila msumeno aliounoa ukakata ukivuta kulia. Wateja walimtania hadi basi.

"Fundi, gogo nimelianzia kwangu, nimelimalizia kwa jirani!"

Yeye alicheka mpaka machozi, kisha akanoa vilevile.

Mkewe ndiye aliyeosha cheni na kuzitundika: zenye meno ya pembe kali ukuta huu, za mbao safi, maana hukata upesi lakini mchanga kidogo tu, kwisha kazi; zenye pembe za mviringo ukuta ule, za magogo yaliyoburutwa matopeni. Kunoa alijifunza kwa kumtazama, akamzidi. Hilo alilinyamazia. Angelisema ili iweje? Mzee wa watu aliipenda kazi yake.

Msiba wa mumewe ulipopoa, akaja mpasua mbao, mteja wao tangu ujanani.

"Shemeji, hii ndiyo ya mwisho aliyoninolea marehemu. Imekuwa butu, na nina gogo la watu. Utaweza?"

Mjane akaigeuza cheni kwenye mwanga. Pembe za mviringo, na meno yamelika karibu na ile alama ya kwamba ukiipita, cheni haifai tena. Ilibaki kunolewa mara moja tu. Meno mafupi huku, marefu kule: huo ulikuwa mkono wa mumewe, wa mwisho kabisa. Akiyasawazisha, ndiyo basi, umefutika. Asipoyasawazisha, ametoa kazi mbovu, na kibanda kitafungwa kama watu wanavyonong'ona.

Akaibana cheni, akasukuma tupa ya mviringo kwenda mbele tu, jino kwa jino, mpaka ya kulia yakalingana na ya kushoto. Vile vinundu vilivyo mbele ya meno navyo akavipunguza kidogo, visizuie jino kuuma. Alilia waziwazi, wala hakujifuta kwa mikono ile ya mafuta.

Mpasua mbao akaifunga, akawasha msumeno, akakata gogo lililokuwa uani. Mkato ukaenda upande. Wa kushoto!

"Haiwezekani!" mjane akaruka. "Nimepima kila jino!"

"Cheni imenyooka, shemeji. Ni mimi." Akautazama mkono wake. "Miaka yote nimeegemea kushoto ili nimsawazishe yule bwana. Mkono bado unamsawazisha."

Wakacheka mpaka wakakaa chini, kicheko kikageuka kilio, kikarudi kicheko.

"Nitazoea," akasema mpasua mbao akipangusa macho.

"Utazoea," mjane akamjibu. "Ila taratibu, shemeji. Usizoee leo."