Stika ya kijani ilivyotaka kuninyima mke Kabambare

Wakuu, salamu kutoka Maniema.

Hii sikusimuliwa na mutu. Yamenikuta mimi mwenyewe, na mashahidi ni ukoo mzima. Nikidanganya nifungiwe account.

Niko na ka-biashara ka photocopie pale Kasongo. Laptop yangu ni ya mitumba, kizee kabisa, inatumia Linux. Mwezi uliopita nilipanda nayo pikipiki mpaka Kabambare kutoa mahari ya mchumba wangu Feza. Matope mpaka mu masikio, laptop nimeifunga kifuani kwa kitenge, maana kuiacha dukani ni kuwapa wezi.

Sasa, kwao, mujomba wa binti asiposema neno, hakuna ndoa. Na mujomba Faustin yuko Salamabila, mguu umevunjika, hawezi kusafiri. Akarekodi video, akaituma mu flash, ndani ya bahasha iliyofungwa.

Nikasema tuiangalie kwa simu, shida iko wapi? Mama mukubwa wa Feza akanikata jicho.

"Mujomba wetu apitishwe mukono kwa mukono kama njugu? Ukoo wote umuone mara moja. La sivyo, rudi kwenu na mbuzi zako."

Hiyo ni Alhamisi. Mahari ni Jumamosi. Jasho!

Nikaazima projecteur ya parokia, ile ya kutupa picha ukutani. Nachomeka, patupu. Laptop haikuiona kabisa. Halafu tangu niweke Linux ilikuwa inajikokota, video zinakatika-katika, nikadhani ni uzee tu.

Nikatazama pembeni ya keyboard. Stika ya kijani inang'aa, ya kadi ya graphics ya maana! Nikasema aha, imekosa driver yake, ile programu ya kuiendesha. Nilikuwa nayo mu disk. Nikaiweka, nikareboot.

Screen nyeusi. Nyeusi tii! Sasa hata laptop yenyewe haionyeshi kitu.

(Wajuzi mmeshaanza kucheka. Chekeni tu.)

Ijumaa asubuhi nikapanda kilima kutafuta network, nikampigia Djuma, rafiki yangu anayefundisha informatique Kasongo. Nikamweleza yote, mpaka stika.

"Ndugu yangu, hiyo stika alibandika nani?"

"Si kiwanda?"

"Kwani ulinunua kiwandani?"

Nilinunua kwa mutu wa mitumba sokoni, na pale mezani kwake kulikuwa na karatasi nzima ya stika. Niliziona kwa macho yangu!

"Iulize mashine yenyewe," Djuma akasema. "Ctrl+Alt+F3 itakupa screen ya maandishi tu. Ingia, andika lspci, itakutajia kadi zilizomo ndani."

Nikashuka mbio, nikafanya. Kadi ya kijani haipo! Haijawahi kuwepo! Iko ile ya kawaida tu ya ndani ya processor, ambayo driver yake inakuja na Linux bure. Nikaondoa driver yangu ya uongo, nikafuta na faili ya xorg.conf iliyoiacha. Screen ikarudi! Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Lakini projecteur bado. Kilima tena.

"Wakati wa kuweka Linux, ulichagua safe graphics?" Djuma akauliza.

"Ndiyo."

"Basi neno nomodeset limebaki mu GRUB, ile inayoamsha Linux. Ndilo limeifunga kadi. Lifute."

Neno moja, wakuu! Nikalifuta, update-grub, reboot, na ukuta wa sebule ukajaa desktop yangu. Nilicheza peke yangu kama mwehu.

Jumamosi tukafunika madirisha na blanketi, groupe ya umeme ikawashwa. Mujomba Faustin akatokea kwenye shuka tuliyotundika ukutani, mkubwa kuliko mlango, mguu umefungwa mu plâtre nyeupe. Mimi hakunitaja hata jina.

"Feza, mwana wangu. Mahari nimekubali. Lakini kama moyo wako haumutaki huyu mutu, simama utoke sasa hivi. Hakuna atakayekugusa. Ni mimi nimesema."

Video ikaisha. Sebule nzima ikamgeukia Feza.

Feza akasimama.

Wakuu, nilikufa.

Akavuka sebule, akamsukuma pembeni kaka yangu aliyekuja kunisimamia, akaketi kando yangu. Vigelegele vilivyopigwa pale, sijawahi kusikia!

Somo nililopata: kabla ya driver, lspci. Na kama uliweka Linux kwa safe graphics, kachungulie GRUB leo leo.

Feza anasoma hapa juu ya bega langu. Anasema niwaambie alishaamua zamani, pale alisimama polepole makusudi, aone nitakavyotoka jasho.

Haya, nani mwingine stika imeshamuingiza mjini? Semeni, msione haya.