Kibuyu Kwenye Boti ya Jodari

Sisi watu wa mlimani tulikuwa hatuli samaki. Leo wajukuu wangu wanakula, tena wanagombania kichwa, lakini miaka ile ya hamsini ungemwonyesha mama yangu samaki angetema mate chini na kukuuliza ni nani ameua nyoka. Basi fikirieni vile watu wa Mbololo, mlima wetu, walivyocheka waliposikia kwamba mimi, kifungua mimba wa baba yangu, nimeandikwa kazi ya upishi kwenye boti inayowapeleka Wazungu kuvua jodari bahari kuu. Mtu aliyejifunza kuogelea kwenye mto wa Voi, mto ambao nusu ya mwaka ni mchanga mtupu! Walicheka mpaka nikawatukana. Hasira zangu ziko karibu, nalisema hilo mapema ili tuelewane.

Baba peke yake hakucheka. Nilikuwa mpishi kwa meneja wa shamba la mkonge huko chini Voi, na rafiki yake meneja, mwenye boti, alikula kuku wangu siku moja akanitaka. Nikapanda mlimani kumwambia Baba na kumwomba jambo moja tu, anitasie.

Kutasa ni hivi. Mtu akienda mbali, mkubwa wake hujaza mdomo pombe ya miwa, huipuliza ikatoka kama manyunyu, na kusema waziwazi: kama kuna hasira moyoni mwangu juu ya huyu, na itoke. Kwa maana kwetu hasira ya mkubwa, hata akiificha, humfuata mdogo popote alipo na kumwangusha. Watu wa misheni walitukataza mambo hayo, na mimi nimebatizwa kwa maji mengi, lakini hakuna Mtaita wa rika langu aliyesafiri na moyo mtulivu bila manyunyu yale kifuani.

Baba akaniangalia, akaangalia moto. "Nenda," akasema. "Lakini kukutasia siwezi."

Hakuniambia kwa nini. Nikajua amenikasirikia kwa kuacha shamba, na zaidi kwa kuifuata bahari, maana bahari ndiyo iliyommeza mdogo wake. Hilo kila mtu nyumbani alilijua. Wakati wa vita vya Wajerumani, Baba mdogo alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akapakiwa melini Mombasa kwenda Kilwa, akaugua njiani akafa. Waliorudi walisema waliokufa melini walifungwa mikekani wakatoswa majini. Wazee wetu wa zamani, kaburi likishakomaa, walitoa fuvu la marehemu na kulipanga pangoni pamoja na mababu, ili awe na kwao. Baba mdogo hana fuvu pangoni. Na juu ya meko yetu kilining'inia kibuyu kidogo, cheusi kwa moshi, ambacho tangu utoto tulikatazwa kukigusa. Nilipata kofi moja kwa ajili ya kibuyu hicho, sikuuliza tena.

Nikashuka bila radhi. Gari moshi lilipopita Maungu nilikuwa bado nanung'unika peke yangu, mpaka mama mmoja aliyebeba kuku akahama kiti.

Kazi ya boti niliizoea, ingawa wiki ya kwanza nilitapika hata maji. Tulikuwa tunatoka alfajiri na wageni wawili au watatu, tunapita mwamba, tunaingia kwenye maji ya buluu nzito ambayo hayana chini. Pande mbili za boti ilisimama mianzi mirefu ya kutandaza mishipi isishikane, na nyuma kulikuwa na kiti kilichofungwa sakafuni kwa vyuma, ambapo mgeni alifungwa mikanda apambane na samaki wake. Jodari haruki hewani kama sulisuli. Akishika ndoana anazama moja kwa moja, anavuta kama anayetaka kwenda na boti, na Mzungu mzima anaanza kumwita mama yake. Mimi nilimwagia mgeni maji mabegani, nikaosha damu sakafuni, nikakaanga mayai. Kuonja samaki, hata mara moja sikuonja! Wageni walipiga picha na jodari wao kwenye gati, wakaenda zao, nyama wakatuachia, nami fungu langu nikawapa wenzangu.

Nahodha wetu alikuwa mzee Mwislamu wa pwani, mpole wa sauti, mkali wa macho. Yeye mwenyewe alifunga chambo kwa manyoya ya jogoo mweupe. Aliniita "Mtaita" siku za kawaida na "mwanangu" siku mbaya. Siku moja mishipi ilikatika yote, mmoja baada ya mwingine, wageni wakanuna. Akanigeukia.

"Mwanangu, mzee wako yuko radhi nawe?"

"Sijui," nikasema.

"Hujui? Basi uliza. Radhi ni bora kuliko mali. Wallahi, mimi siwezi kulala na neno kama hilo."

Hata mimi nilikuwa silali vizuri. Niseme kweli, niliogopa. Kila boti ilipolala ubavu nilikuwa naona uso wa Baba ukiangalia moto. Sikuogopa kufa sana. Niliogopa kufa nikiwa na hasira za baba yangu mgongoni, au yeye atangulie na nibaki nazo maisha yangu yote.

Kusi lilipovuma, boti ikavutwa mchangani kupakwa rangi, nikapata ruhusa ya kwenda nyumbani. Nilimkuta Baba amekonda, kifua kinapiga filimbi. Nikajiandaa kumwomba tena, na maneno yangu nikayapanga njia nzima. Hakunipa nafasi.

"Nipeleke kwenye maji hayo," akasema.

Mama akaacha kupepeta. "Mzee, na kifua hicho? Umerukwa na akili?"

Baba alinyanyuka, akakitungua kile kibuyu cha juu ya meko, akakipangusa masizi kwa kiganja. Akamwambia Mama akamue miwa. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kunyamazishwa, akachukua panga akaenda kwenye miwa.

Pombe ilipokomaa tulishuka Voi kwa lori la mboga, tukapanda gari moshi. Baba alikaa na kibuyu magotini mpaka Mombasa, hakulala, hakula. Mimi nikafikiri, anakuja kuona kilichomnyang'anya mwanawe. Atakilaani.

Boti ilikuwa imeteremshwa majini, na kabla ya wageni wa kwanza ilibidi itoke ijaribiwe. Nahodha ndiye aliyemwombea Baba kwa mwenye boti. Mzungu akamwangalia mzee wa mlimani na koti lake kuukuu, akasema akae nyuma, asishike kitu. Nahodha akanyoosha mkono.

"Karibu, mzee mwenzangu. Mgeni kuku mweupe, usijali wakikutazama." Kisha akakiona kibuyu, akasikia harufu, akageuza uso baharini. "Mimi nimeona kibuyu. Kilichomo sikukiona."

Baba aliketi sakafuni, mgongo ukiegemea kiti cha kupambania. Tulipoupita mwamba, na maji yakageuka rangi, akauliza kama haya ndiyo yanayokwenda Kilwa. Nahodha akasema ndiyo, mzee, ni maji hayo hayo. Baba akaniomba nimshike. Nikamsimamisha, nikamkumbatia kiunoni asianguke. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa majani makavu.

Kisha akazungumza, si na mimi.

"Mdogo wangu. Nimekuja. Ulifungua mfereji wa maji shambani kwako siku ya zamu yangu, miwa yangu ikakauka, nikakwambia usinisemeshe tena. Mkuu wa kijiji alipokutaka ukabebe mizigo ya jeshi, ulikuja mlangoni kwangu na kibuyu hiki, unitake nikutasie uende salama. Nilikusikia. Sikufungua. Ukakiacha mlangoni ukaenda."

Alikohoa. Nikamkaza zaidi kiunoni.

"Uliondoka na hasira zangu, ndizo zilizokuua. Tangu siku hiyo sijamtasia mtu, wala mwanangu huyu. Ningewezaje? Kinywa changu kilikuwa na deni lako."

Ebo! Kumbe miaka yote hiyo mimi nanung'unika kwenye magari moshi, Baba hakuwahi kunikasirikia hata chembe. Alikuwa anaogopa kinywa chake. Alidhani akinipulizia, atanipulizia kilichomuua ndugu yake. Nililia pale pale, mtu mzima, na Mzungu akadhani ni kichefuchefu.

Baba akajaza mdomo, akapuliza juu ya maji. Upepo ukarudisha nusu usoni mwetu. "Hasira na zitoke," akasema. "Zimetoka. Pumzika." Akapuliza tena, mpaka kibuyu kikabaki na kidogo chini.

Msiniambie habari za miujiza. Ndege walikuwa wameshaonekana mbele kabla Baba hajasimama, na palipo na ndege pana jodari, hilo hata mpishi anajua. Mshipi wa kulia ukalia, Mzungu akarukia kiti, na baada ya jasho jingi nahodha akampiga kulabu jodari mnene mwenye mapezi ya manjano, akamvuta ndani. Samaki akapigapiga mkia kwenye mbao karibu na miguu ya Baba, kisha akatulia.

Nikaagizwa nikaange kipande cha mwenye boti. Nilipokuwa nageuza, Baba akaita.

"Na mimi nipe."

"Baba, ni samaki."

"Naona." Macho yake hayakuwa na mzaha. "Nimefika kwa ndugu yangu. Mtu hafiki kwa ndugu yake akakataa chakula, labda awe amekuja na hasira."

Nikampa sahani. Alitafuna polepole, uso umekunjamana, machozi yanamtoka, akameza. Akatafuna tena. Mimi nami nikachukua kipande, cha kwanza maishani mwangu, nikala naye. Nahodha alikuwa ameshika usukani na midomo yake inasoma kitu.

Alipomaliza, Baba akasukutua kwa tone lililobaki kibuyuni, akanigeukia akanipulizia kifuani. Shati likalowa, likanuka miwa na jodari. Sikulifua shati lile mpaka msimu ulipoisha, na mliocheka mchekee mbali.

Nilimrudisha nyumbani mwenyewe. Tulipanda Mbololo polepole, tukipumzika kila kona, na jioni tukamkuta Mama amesimama uani. Alimsogelea Baba, akanusa koti, akarudi nyuma na mkono puani. Kisha akaona kibuyu ni kitupu, na sauti yake ikabadilika.

"Ulimpata?" akauliza.

Baba aliingia ndani, akakitundika kibuyu mahali pake juu ya meko, ndipo akamjibu.

"Nimekula kwake," akasema.