Baiskeli ya Spoki na grenda ya Mjomba

Saa tatu asubuhi, cheche zinaruka kutoka kona ya karakana ya kuchomelea vyuma. Binti wa miaka ishirini na miwili amepiga goti juu ya fremu ya dirisha, kinyago usoni, glavu zake zimetoboka kwenye dole gumba. Nyuma yake, mwanamume wa makamo mwenye mabega mapana anapima nondo. Wamepeana migongo.

“Futi,” anasema binti.

Mwanamume anainyoosha futi kwa nyuma bila kugeuka. Binti anaipokea bila kugeuka.

Hayo ndiyo mazungumzo yao kwa miezi mitano sasa.

“Shikamoo yake anaipata kila asubuhi, adabu nimefunzwa,” binti huyo anamwambia mwandishi wa makala haya baada ya kuvua kinyago. “Zaidi ya hapo ni futi, nyundo, na umeme umekatika. Basi.”

Mtaani wanamwita Spoki, kwa wembamba wake na kwa kuwa tangu utotoni hajabanduka kwenye baiskeli. Mwanamume ni mjomba wake, kaka wa mama yake. Ndiye mwenye karakana, ndiye aliyemfundisha kazi alipomaliza shule, na ndiye aliyeikata baiskeli yake vipandevipande kwa grenda, mashine ya kukatia vyuma.

Haikuwa baiskeli ya dukani. Spoki aliiunda mwenyewe kwa mabomba ya vitanda chakavu vya bweni, akichomelea jioni baada ya kazi. Ni ile aina isiyo na friwili: pedali zikizunguka, gurudumu linazunguka, ukizirudisha nyuma, baiskeli nayo inarudi nyuma. Vijana wanaiita fiksi. Wanaitumia kwa michezo: kwenda kinyumenyume, kusimama tuli bila kugusa ardhi, kuinua gurudumu la mbele na kuzungusha usukani duara zima hewani.

“Kwenye baiskeli ya kawaida usukani haupiti, tairi linagonga fremu,” anaeleza. “Kwa hiyo shingo ya ile yangu niliinyanyua, tairi likapata nafasi. Fremu ya kwanza ilikatika nikiwa juu. Ya pili ikanivunja kifundo cha mkono. Ya tatu niliiongezea vyuma viwili hapa chini ya shingo. Hiyo ikakubali.”

Aliipaka rangi ya manjano. Kila Jumapili aliipeleka kwenye uwanja wa mpira, na watu walisimama kumtazama.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Spoki alitumwa nyumba moja ya mbali kufunga madirisha. Aliporudi alasiri, aliyakuta magurudumu mawili yameegemezwa ukutani, na mnyororo umekunjwa vizuri juu ya stuli kama nguo iliyotoka kupigwa pasi.

“Nikamuuliza, ‘Mjomba, fremu yangu iko wapi?’ Akaniambia, ‘Mabomba yalipungua, na geti la mkunga lilitakiwa leo. Nitakutengenezea nyingine.’ Hivyo tu. Halafu akaendelea kunywa chai yake.”

Spoki alizunguka nyuma ya stoo. Akafunua turubai. Mabomba yalikuwepo, mapya, ya kipimo kilekile, hayajaguswa.

“Nilipiga kelele mpaka kinyozi wa jirani akaja mbio na ndoo ya maji, akidhani naungua,” anasema. Hacheki. “Kumbe hakupungukiwa kitu. Alitaka tu kuikata. Halafu akanidanganya, tena mchana kweupe, kama mtoto mdogo.”

Siku ya pili yake alikwenda mpaka nyumbani kwa mteja, mkunga mstaafu anayeishi peke yake. Akasimama mbele ya geti jipya jeusi, akakwangua kwa kucha karibu na mshono. Chini ya rangi nyeusi ikatokea ya manjano.

“Nilimuuliza, ‘Binti, unatafuta nini getini kwangu?’” anakumbuka mkunga huyo. “Akasema, ‘Baiskeli yangu, mama.’ Nikadhani ana wazimu. Nilipomsikiliza, mwenye wazimu nikawa mimi. Nikampigia simu yule fundi: njoo ukitoe hiki kitu sasa hivi. Mimi nifungue mlango kila asubuhi kwa jasho la mtoto wa watu? Thubutu!”

Mjomba alikwenda. Alilikata bomba la manjano akaweka jipya kutoka stoo. Alipomletea Spoki kile kipande, mpwa wake alikataa kukishika.

“Nikifanyie nini? Nikizike?”

Jumapili iliyofuata kulikuwa na maonyesho ya baiskeli pale uwanjani. Katika waendeshaji wote waliotangazwa, msichana alikuwa yeye peke yake. Wenzake walimpa baiskeli zao, akashukuru akakataa, kwa kuwa ya huyu ilikuwa fupi mno na ya yule ilikuwa nzito. Alikaa kwenye ngazi za watazamaji amevaa kofia yake ngumu, kamba imefungwa kidevuni, tangu mchezaji wa kwanza mpaka wa mwisho.

“Mtangazaji aliita jina langu mara mbili,” anasema. “Ningesema nini? Baiskeli imekuwa geti?”

Kinachomchoma zaidi ni maneno ya watu. Mama yake amemwambia yaishe, huyo ni mjomba wake. Shangazi kasema chuma ni chuma tu. Majirani wamesema kijana hana budi kuwa na moyo mkubwa.

“Kila mtu ananiambia nisamehe. Hakuna hata mmoja aliyemwambia yeye aombe msamaha!” Anapiga ngumi juu ya meza ya chuma. “Ingekuwa pikipiki ya mwanawe wa kiume, ungeitwa uharibifu. Ya kwangu ni mabomba.”

Haondoki karakanani kwa sababu moja: mashine ya kuchomelea ni ya mjomba, na yeye bado hajaweza kununua yake. Lakini kila jioni anakwenda uani kwa mkunga, ambako amepewa kibanda na ufunguo wake. Humo kuna fremu mpya, aliyoichomelea karakanani kipande kwa kipande, imening’inizwa kwenye dari, tayari shingo imenyanyuliwa na imebakia kuunganishwa uma wa mbele tu. Mkunga hamruhusu mtu mwingine kuingia, hata ndugu.

Spoki anarudi kuchomelea, na mwandishi anamgeukia mjomba na kumuuliza kwa nini aliikata, ilhali mabomba yalikuwepo.

Mjomba anafutafuta futi kwa kitambaa. “Chuma ni chuma,” anaanza. Kisha anaikunja futi. “Wateja walikuwa wanakuja hapa wanasema, mpwa wako anajianika uwanjani, anarukaruka kama kichaa. Wanacheka. Mimi nikaona aibu.” “Nilikata makusudi. Mabomba hayakupungua.”

Nyuma yake, cheche zimezimika.

“Umesikia, mwanangu?” anauliza mjomba, bado akitazama ukuta.

“Nimesikia.”

“Basi yameisha.”

“Hayajaisha!” Spoki amesimama, kinyago mkononi. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo wanatazamana. “Mjomba, ulishawahi kuja uwanjani? Hata siku moja?”

Mjomba anainamia nondo zake.

“Hukuja. Umekata kitu ambacho hujawahi kukiona kikitembea. Umesikiliza watu wanaokuja kupunguziwa bei za madirisha, mimi mtoto wa dada yako hukunisikiliza.”

Kisha anautaja mpango wake, na anauelekeza kwa mjomba, si kwa mwandishi. Fremu itakamilika kabla ya maonyesho yajayo. Mashine yake mwenyewe akiipata, atafungua karakana ya mageti na fiksi, na wasichana wanaotaka kujifunza watafundishwa.

“Na siku ya maonyesho utakuja,” anasema. “Utasimama mbele, jua linawaka, hao wateja wako wakuone. Utatazama mpaka mwisho. Nikianguka, utatazama pia. Baada ya hapo ndiyo tuzungumze habari za kusamehe.”

Mjomba anaitikia kwa kichwa.

“Kwa mdomo, Mjomba.”

“Nitakuja,” anasema.